Itifaki imezingatiwa: kwani ni nini hasa kilichozingatiwa?

Saa saba mchana, jua la kichwani. Turubai lilikuwa moja na lilikuwa limefunika meza kuu. Sisi wengine tulijibanza chini ya mwembe wa shule. Ilikuwa hafla ya kukabidhi madarasa mawili mapya. Mwenyekiti wa kamati ya shule akashika kipaza sauti, akakohoa, akasema: "Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa." Kisha akaanza kutaja majina. Alitaja mkuu wa wilaya, katibu tawala, mkurugenzi, diwani, watendaji, wenyeviti wa mitaa mmoja mmoja, viongozi wa dini, fundi mkuu, hadi mwenye duka aliyetoa mifuko ya saruji. Zikapita kama dakika kumi.

Mama mmoja wa makamo aliyekaa karibu yangu akaniinamia. "Baba, samahani. Hiyo itifaki ndiyo nini? Na imezingatiwa na nani?"

Nikamjibu haraka haraka, "Ni heshima tu, mama."

Akatazama meza kuu, akatazama mwembe. "Mbona sisi hatujasalimiwa?"

Sikuwa na jibu la maana siku ile. Tangu hapo nimegundua kwamba hatukuwa wawili tu tuliotatizika. Maneno haya tunayasikia misibani, harusini, bungeni, kwenye ufunguzi wa visima, na kila mtu ana tafsiri yake. Wapo wanaodhani ni salamu, wapo wanaodhani ni sala ya kufungulia kikao, na vijana wengi siku hizi wanayasema kwa mzaha tu wanapokatiza kundi la marafiki kijiweni.

Tuanze na maneno yenyewe, maana mchanganyiko mwingi unaanzia hapo.

Heshima ni jambo la moyoni. Ninakuona una thamani, basi. Hakuna mtu anayeweza kuipima wala kuikagua. Adabu ni ile heshima inapotoka nje ikaonekana: kupokea kitu kwa mkono wa kulia, kushusha sauti kwenye msiba, kumpisha mzee kiti ndani ya daladala. Adabu hufunzwa nyumbani, wala haiandikwi popote. Itifaki ina njia yake. Ni utaratibu uliokubaliwa wa nani atangulie na nani afuate, nani akae wapi, nani aitwe kwa jina gani, pale watu wa vyeo mbalimbali wanapokutana hadharani. Neno limetoka kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni makubaliano. Ndiyo sababu unalikuta pia kwenye mikataba ya nchi: Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, lilianzishwa kwa Itifaki. Mtu anayelisikia neno hilo asubuhi redioni kwenye habari za mkataba, halafu jioni analisikia kwenye sendofu ya binamu yake, ana haki ya kuchanganyikiwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mama lilikuwa na kasoro. Itifaki inafanana zaidi na namba unayopewa ukifika zahanati. Namba 14 haisemi kwamba wewe ni mgonjwa zaidi ya namba 15, wala kwamba muuguzi anakupenda zaidi. Inasema tu zamu yako ni ipi, ili watu wasigombane mlangoni.

Na kugombana mlangoni si mfano wa kufikirika. Mwaka 1661 jijini London balozi mpya wa Sweden alikuwa anawasili kwa mashua kwenye gati karibu na ngome ya Tower. Desturi ilikuwa mabalozi wengine wapeleke magari yao ya farasi yamsindikize mgeni hadi mjini. Swali likawa moja: gari la nani lifuate mara tu baada ya lile la mgeni? Ufaransa ilisema lake, Hispania ikasema lake. Mfalme wa Uingereza, Charles II, aliwakataza raia wake wasiingilie. Wahispania walikuja wamejiandaa. Kamba za kufungia farasi wao walikuwa wameziimarisha kwa minyororo ya chuma zisikatwe kwa panga. Pakapigwa, farasi wa Wafaransa wakauawa, watu kadhaa wakafa pale pale, na gari la Hispania likapita la kwanza. Louis XIV wa Ufaransa, kijana wa miaka 23, aliposikia alitishia vita. Mwaka uliofuata Hispania ikalazimika kumtuma mjumbe hadi kwake, akatamka mbele ya mabalozi wengine kwamba watu wake hawatagombea tena nafasi hiyo na Ufaransa.

Watu walikufa kwa ajili ya nafasi kwenye msafara. Ukicheka, kumbuka ugomvi uliowahi kuuona kwenye harusi kuhusu upande gani ukae mbele kanisani.

Dawa ilipatikana polepole. Kwenye mkutano wa Vienna wa mwaka 1815 mataifa makubwa ya Ulaya yalikubaliana kwamba mabalozi wa daraja moja watangulizane kwa tarehe ya kuwasili rasmi, bila kujali nani ametoka kwa mfalme mkubwa na nani kwa mdogo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, unaotawala mambo ya ubalozi hadi leo, umeshika kanuni hiyo hiyo: aliyeanza kazi mapema ndiye anayetangulia. Unapoona kwenye taarifa ya habari mabalozi wanawasilisha hati za utambulisho Ikulu, mmoja mmoja, siku na saa zake zinahesabiwa. Chini ya kanuni hii balozi wa Komoro aliyekaa Dar es Salaam miaka kumi atakaa mbele ya balozi wa Marekani aliyefika mwaka jana, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa wamekwenda mbali zaidi: kila mwaka inapigwa kura ya bahati kuchagua nchi itakayokaa kiti cha kwanza, na nyingine zinafuata kwa alfabeti ya Kiingereza.

Hapo ndipo ninapopenda itifaki, nikiri tu. Mnyonge analindwa na orodha. Pasipo orodha, mwenye misuli ndiye anayekaa mbele.

Turudi chini ya mwembe. "Itifaki imezingatiwa" maana yake ni nini basi?

Katika hafla yoyote, mtu wa kwanza kusimama, mara nyingi mwenyeji au mshereheshaji, ana kazi ya kuwatambua wageni kwa mpangilio wao. Akishamaliza, wote wanaomfuata hawahitaji kurudia. Wanasema "itifaki imezingatiwa," yaani, orodha mliyoisikia ndiyo yangu pia, chukulieni nimewataja nyote kwa vyeo vyenu. Ni kama abiria anayemwambia konda "nimelipiwa." Konda hamdai tena, maana nauli imetoka mbele.

Ukilielewa hilo, unaona makosa mawili yanayofanyika kila wikiendi. La kwanza ni la mtu kusema "itifaki imezingatiwa" wakati hakuna aliyetaja mtu tangu shughuli ianze. Huyo anadai amelipiwa na gari zima hakuna aliyelipa. La pili ni la yule mwenyekiti wetu: kusema neno hilo kisha kuanza kutaja orodha yote upya. Amelipiwa, halafu anatoa nauli tena, na gari zima linamsubiri atafute chenji.

Mpangilio wenyewe una mantiki, ingawa kwa mtazamaji unaonekana umepinda. Mkubwa hutajwa wa kwanza. Lakini kuzungumza, huzungumza wa mwisho. Kufika, hufika wa mwisho. Kuondoka, huondoka wa kwanza. Mbona hivyo?

Kufika na kuondoka ni rahisi, tena daladala inatusaidia tena: aliyepanda wa mwisho ndiye aliye mlangoni, na ndiye atakayeshuka wa kwanza. Wageni wengine wanatangulia ili mkubwa asikute viti vitupu akaanza kusubiri watu, na wanabaki nyuma ili akitoka asisukumane na mtu getini. Ila kuna jambo ambalo wakubwa wengi wamelisahau, au wamejisahaulisha: kufika wa mwisho si kuchelewa. Itifaki inasema uingie baada ya wengine kukaa. Haijasema uwaweke watoto wa shule juani kwa muda wa saa tatu wakiimba wimbo ule ule. Huo ni utovu wa adabu uliovaa suti ya itifaki, na mtu wa kawaida hana namna ya kulalamika kwa sababu ataambiwa hajui taratibu.

Kuzungumza wa mwisho kuna sababu nzito zaidi, na nitaifikia.

Vyeo kwanza, maana hapo ndipo watu wanapojikwaa zaidi. Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya heshima, na kila moja lina tabia yake. "Mheshimiwa" ukilitazama vizuri ni kitenzi kilichovaa joho: mtu anayeheshimiwa. Kauli yenyewe ni ya kutendewa. Huwezi kujifanyia mwenyewe. Wengine ndio wanaokuheshimu, wewe unapokea. Ndiyo maana inachekesha kidogo mtu anapojitambulisha kwenye simu, "Hapa anaongea Mheshimiwa fulani." Meya yeye ni "Mstahiki," anayestahili, na hilo ni jina la ujasiri kuliko yote, maana linadai kwamba sifa tayari anayo. Askofu Mkatoliki ni "Mhashamu," kardinali ni "Mwadhama," na hili la mwisho ni ndugu wa damu wa "maadhimisho" na "taadhima." Tunaposema "kwa heshima na taadhima" tunataja heshima mara mbili, ya pili ikiwa na uzito wa kicho.

Majina haya hayakukaa tuli. Tanzania ya Azimio la Arusha, mwaka 1967 na kuendelea, iliyaweka pembeni makusudi. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa "Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja," na kwa roho hiyo kila mtu akawa Ndugu, kuanzia mjumbe wa nyumba kumi hadi Rais. Nyerere mwenyewe alibaki na Mwalimu, jina la kazi. Upande wa pili wa mpaka, Kenya ya Moi ilikuwa na "Mtukufu Rais" kila saa ya taarifa ya habari. Siasa za ujamaa zilipopoa, "Mheshimiwa" akarejea Tanzania kwa kishindo, na leo "Ndugu" limebaki zaidi kwenye mikutano ya chama. Sisemi lipi bora. Ninachosema ni kwamba anayeona "Mheshimiwa" kama mila ya mababu akumbuke kuna wazee walio hai waliomwita Rais wao Ndugu, na serikali haikuanguka.

Ndani ya Bunge jina hilo lina kazi maalumu ambayo watazamaji wengi wanaiona kama majivuno. Wabunge hawazungumzi wao kwa wao. Kila mmoja anamwambia Spika. "Mheshimiwa Spika, Mheshimiwa Mbunge aliyemaliza kuzungumza amelipotosha Bunge." Hakusema "wewe muongo." Angesema hivyo angeamriwa afute kauli. Maana imefika ile ile, lakini imepitia kwa mtu wa tatu na kuvuliwa makali. Ni mbinu ile ile ya wanandoa waliokorofishana wanaopitisha ujumbe kwa mtoto: "Mwambie baba yako chakula tayari." Inaonekana ya kitoto, lakini chakula kinaliwa na sahani hazivunjwi.

Na ukiwa unatazama Bunge, angalia kile kinachobebwa na mpambe mbele ya Spika. Kinaitwa siwa. Umbo la rungu la heshima na desturi ya kulibeba tumevipata kwa Waingereza, lakini jina tumelichota kwetu. Siwa halisi ni lile pembe kubwa la kupuliza la miji ya Lamu na Pate, lililopigwa kwenye shughuli za watawala na harusi za watu wenye nasaba. La Pate limechongwa kwa pembe ya ndovu na lina urefu wa zaidi ya mita mbili. La Lamu ni la shaba. Lilipolia, mji ulijua kwamba jambo hili si la mtu binafsi. Kazi ya vitu vya sherehe ni hiyo: kuonyesha kwamba kuanzia sasa anayeongea ni mamlaka, na Juma wa kawaida amekaa pembeni kwanza. Hata mizinga 21 inayopigwa kumpokea mkuu wa nchi ina hadithi kama hiyo. Mabaharia wa zamani walifyatua mizinga yao kabla ya kutia nanga ili wenyeji waone imebaki mitupu. Salamu yenye kelele kiasi kile, na ujumbe wake ni "sikuja kwa shari."

Sasa tuje kwenye shikamoo, maana huwezi kuzungumza juu ya adabu kwa Kiswahili bila mtu kuuliza: hivi hii si salamu ya utumwa?

Asili yake inarudishwa kwenye "nashika miguu yako," na ni kweli kwamba pwani ya karne ya 19 mtumwa alimwamkia bwana wake hivyo. Lakini mtoto alimwamkia baba yake hivyo hivyo, na mdogo alimwamkia mkubwa hivyo hivyo. Salamu ilikuwa ya mdogo kwa mkubwa, na utumwa ukaikuta humo. Anayeikataa kwa sababu hiyo itabidi aachane pia na "bwana" na "bibi." Jirani zetu Wakomoro wana yao: mtoto husema "kwezi," mkubwa huitikia "mbona." Kanda ya Ziwa na ng'ambo ya mpaka Uganda, msichana anapiga goti hata asipotamka kitu. Kila jamii imetafuta njia ya mwili au ulimi kusema, wewe umetangulia kuliona jua.

Kitu kinachowachanganya watu hasa ni kwamba tuna mizani mbili, ya umri na ya cheo, na mara nyingi hazikubaliani. Shikamoo hufuata umri na undugu. Itifaki hufuata ofisi. Niliwahi kuona mizani hizo zikikutana uso kwa uso. Mkuu wa wilaya, kijana wa miaka thelathini na kitu, alishuka kwenye gari na mbele yake kulikuwa na mzee wa kijiji mwenye bakora na kofia ya mkono. Mzee akanyoosha mkono, akasema, "Karibu sana, Mheshimiwa." Wakati huo huo kijana ameinama, mkono wa kushoto ameushikiza kwenye kiwiko cha kulia, anasema, "Shikamoo, mzee wangu." Maneno yao yaligongana hewani. Kila mmoja alikuwa mdogo kwa mwenzake, na kila mmoja mkubwa. "Marahaba, Mheshimiwa," mzee akaitikia, na sijawahi kusikia maneno mawili yaliyopangana vizuri kuliko hayo. Matatizo huanza pale mmoja anapodhani mizani yake ndiyo pekee: bosi kijana anayesubiri aamkiwe na mfagiaji wa umri wa mama yake, au mjomba anayetaka keshia wa benki amhudumie bila foleni kwa sababu ya mvi.

Mjomba nimemtaja makusudi. Kwenye sendofu moja ya familia yetu mshereheshaji alimsahau mjomba wa bibi harusi. Akawataja baba wadogo, mashangazi, hadi kamati ya vinywaji, akapita. Mjomba hakusema neno. Ilipoitwa meza ya upande wa mama kwenda kutoa zawadi, alikuwa ameshawasha gari. Ilichukua miezi miwili, watu wawili wazima na kitenge kimoja kumrudisha. Wengine wakasema ana makuu. Mimi nilimwelewa. Mbele ya watu mia tatu aliambiwa, kwa kunyamaziwa tu, kwamba si wa familia ile. Kutajwa huwa hakukuongezei kitu. Kutotajwa ndiko kunakokukata kwenye hesabu.

Kuna suala lingine la adabu ya maneno ambalo halikosi kila Mkenya na Mtanzania wakikutana mtandaoni. Mtanzania akifika dukani anasema, "Naomba soda." Mkenya anasema, "Nipe soda." Mtanzania anamwona mwenzake mkavu, Mkenya anashangaa mtu mwenye hela mkononi anaomba nini. Wote wanasoma neno kwa herufi zake. "Naomba" ya dukani haiombi kitu, wala haina unyonge wowote ndani yake. Imekwisha kuwa kilainishi cha sentensi, kama "tafadhali" ilivyo kwingine. Na "nipe" ya Nairobi haina ukali. Adabu yake imehamia kwenye sauti, kwenye tabasamu, au kwenye lile "boss wangu" linalofuata. Ukimpima mtu kwa kamusi ya mtaa mwingine, utamkuta na hatia kila siku.

Barua rasmi ni hivyo hivyo. Mwandikie mtendaji wa kata kuomba kibali cha kufanya sherehe na utaanza na "Yah:", kisha "Kichwa cha habari hapo juu chahusika," kisha mwishoni "Wako mtiifu" au "Wako katika ujenzi wa taifa." Vijana wananiuliza: kama kichwa cha habari kiko hapo juu, kwani kisingehusika? Na mimi ni mtiifu kwa nani? Hakuna anayeyasoma maneno hayo kwa maana yake. Kazi yake ni kama ya sare ya shule: msomaji akiyaona anajua mara moja barua ni ya aina gani na aipeleke faili lipi. Lenye kazi halisi kwenye ukurasa ule ni "Kupitia kwa," kwa sababu linaonyesha nani anatakiwa kuiona barua kabla haijafika. Ukiruka mstari huo, barua yako itarudi ikiwa na maneno ya wino mwekundu, hata ungejiita mtiifu mara saba.

Basi si huu ni unafiki tu? Swali hili naliheshimu, kwa sababu mara nyingine ni kweli. Nimesikia risala zenye sifa ambazo aliyezisoma alizicheka kabla ya kupanda jukwaani. Lakini fikiria mpita njia akikukuta mnakula barazani. Unasema, "Karibu." Naye anajibu, "Starehe," na anapita. Wewe ulijua hatakaa, yeye alijua chakula kimepimwa. Hakuna aliyedanganywa. Mmekumbushana tu kwamba mlango haujafungwa, na siku akija kweli ana njaa, njia ya kuingilia ipo. Unafiki unahitaji mtu mmoja asiyejua. Maneno ya adabu kila mtu anayajua.

Na sasa ile sababu nzito ya mkubwa kuzungumza wa mwisho. Kabla yake kuna risala.

Watu wengi huiona risala kama mapambo: karatasi inasomwa, watu wanapiga makofi, inakunjwa na kukabidhiwa. Isikilize tena. Mwanzo wake ni shukrani, na shukrani hizo zinatiririka. Katikati yake kuna mafanikio. Halafu inakuja sentensi ambayo mwalimu aliyeiandika aliikalia usiku kucha: "Pamoja na mafanikio hayo, Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakabiliwa na changamoto zifuatazo." Hapo ndipo shule inapomdai mkuu, mbele ya waandishi wa habari na wazazi, kwa lugha ambayo hawezi kuikasirikia. Sifa zote za mwanzo zilikuwa zinasafisha njia kwa ajili ya sentensi hiyo. Mwalimu mkuu hawezi kupiga simu kwa mkuu wa wilaya akamwambia shule haina vyoo. Lakini siku ya hafla, kupitia mdomo wa mtoto, anaweza, na mkubwa amefungwa na itifaki ile ile inayompa kiti cha katikati: yeye ndiye msemaji wa mwisho, hivyo lazima ajibu. Angezungumza wa kwanza angeshaondoka.

Siku ile chini ya mwembe risala ilisomwa na msichana wa darasa la sita, sauti nyembamba, karatasi inatetemeka. Alifika kwenye changamoto ya tatu: "Upungufu wa matundu ya vyoo, ambapo kwa sasa shule ina matundu manne tu, na mawili yamejaa." Mkuu wa wilaya akamgeukia mkurugenzi. Mkurugenzi akafungua kidaftari. Yule mama jirani yangu, ambaye hakupiga makofi hata mara moja wakati majina yanatajwa, akapiga, peke yake kwanza, kisha mwembe mzima.

Mgeni rasmi akasimama, akarekebisha kipaza sauti. "Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa."

"Imezingatiwa, baba," mama akasema kwa sauti ya chini. "Sema matundu."